Tupeane uzoefu: tabia ya mbwa wako iliyowahi kukutatiza, na ulichokuja kugundua

Mwanzisha mada (Moshi)

Habari zenu wanajamvi. Nimeishi na mbwa tangu nikiwa nyumbani kwa wazazi wangu, na nilidhani nawafahamu, hadi mwezi uliopita mbwa wangu jike mwenye umri wa miaka minne aliponionyesha kwamba sijui mengi. Alianza kwa kuchukua kandambili moja ya mtoto barazani na kuipeleka bandani mwake. Kesho yake akachukua ya pili, kisha soksi, kisha gunzi la mahindi alilolibeba kwa meno ya mbele taratibu sana, kama anayeogopa kuliumiza. Alivipanga vyote juu ya gunia, akajikunja kuvizunguka, na kila aliyesogea alingurumiwa, hata mimi ninayempelekea chakula kila jioni. Kijana anayetusaidia kazi za shamba alisema mbwa amechezewa. Mama mkwe alisema apigwe aache ujeuri, nami kwa hasira nilimchapa fimbo mbili.

Siku tatu baadaye nilimlaza chali nikaona chuchu zimevimba, na nilipoigusa moja likatoka tone la maziwa. Nilishangaa, kwa kuwa nina hakika hakupandwa: alipokuwa kwenye joto nilimfungia stoo wiki tatu nzima, na joto hilo lilikuwa limepita takribani miezi miwili nyuma.

Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo, akaniambia kwamba hiyo ni mimba ya uongo na kwamba si jambo geni kwa majike. Mwili wa mbwa jike ukishatoka kwenye joto hupita katika mabadiliko yaleyale ya homoni, awe amepandwa au hakupandwa, na mimba ya kweli ya mbwa huchukua siku 63 hivi. Homoni hizo zinaposhuka, ile ya kuleta maziwa hupanda, na mnyama hujiona amezaa. Alinikataza kabisa kumkamua, kwa sababu kukamua ndiko kunakouambia mwili uendelee kutengeneza maziwa. Alishauri nimtembeze zaidi, nitoe vitu vile kimoja kimoja wakati hayupo bandani, na nimrudishe haraka iwapo matiti yatakuwa ya moto na magumu au akikataa kula. Kumfunga uzazi inawezekana, alisema, lakini tusubiri maziwa yakauke kwanza.

Fimbo zile mbili bado zinaniuma. Ndiyo maana nimefungua mada hii: naomba kila mmoja alete tukio aliloliona kwa macho yake, alivyolitafsiri mwanzoni, na ukweli ulivyokuja kujulikana.

Mchangiaji (Mara)

Ndugu mwanzisha mada, pole, na ahsante kwa kulianzisha jambo hili. Langu ni zito kidogo, nalo lilitokea kijijini kwetu wakati nikiwa kidato cha tatu.

Tulikuwa na dume mmoja mpole, aliyezoea kulala mlangoni mwa jiko. Siku moja akahamia chini ya ghala, gizani, akawa hataki kuitwa. Sauti yake ya kubweka ilibadilika ikawa ya kukwaruza, kama ya mtu aliyepigwa na mafua, na kufikia siku ya pili taya la chini lilikuwa limelegea, mate yanamtoka mfululizo. Hakumkimbiza mtu wala hakumuuma mtu. Baba alisema bila shaka amekwamwa na mfupa, na kwa huruma aliyokuwa nayo kwa mbwa yule, alimfungua kinywa akaingiza vidole kuutafuta. Hakuukuta mfupa. Alitoka na mkwaruzo mdogo wa jino kwenye kidole cha shahada, akaufuta kwenye suruali, akaendelea na kazi zake.

Ni mjomba wangu, aliyewahi kufanya kazi na maofisa mifugo, aliyeuliza habari za mbwa yule jioni na kusimama kabla hajamaliza chai yake. Alimpeleka baba bombani, akamwosha kidole kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kwa saa ya mkononi, huku baba akilalamika kwamba kidonda chenyewe hakionekani. Usiku huohuo walikwenda hospitali, na baba akaanza sindano za chanjo. Mbwa alikufa siku ya tatu. Sampuli ilichukuliwa na ofisa mifugo, na majibu yaliporudi yalisema kichaa cha mbwa.

Baba yu hai hadi leo kwa sababu alianza chanjo kabla ya dalili yoyote. Dalili za ugonjwa huu zikishajitokeza kwa binadamu, kupona ni nadra mno, kiasi kwamba madaktari huhesabu ni kifo. Sisi sote tulikuwa tukiamini kwamba mbwa mwenye kichaa ni lazima awe anakimbia ovyo na kuuma kila akionacho, kumbe kuna namna ya pili, ya kimya, ambayo mbwa hupooza taya na koo, akashindwa kumeza, na hapo ndipo watu humwonea huruma na kumtia mkono kinywani. Vilevile tuliamini kwamba mbwa wa namna hiyo huogopa maji. Kuogopa maji ni dalili ya binadamu aliyeugua. Mbwa anaweza kulisogelea beseni kabisa, akashindwa tu kumeza.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: mbwa akibadilika ghafla, mkali akawa mpole kupita kiasi au mpole akawa mkali, na sauti yake ikabadilika, msimguse, mfungieni mahali na mwite mtu wa mifugo. Mbwa aliyemuuma mtu huku anaonekana mzima huangaliwa kwa siku 10, lakini mtu aliyeumwa asikae kusubiri siku hizo ziishe ndipo aende hospitali. Na mbwa wachanjwe kuanzia umri wa miezi mitatu, kisha warudiwe kwa ratiba. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, na sehemu nyingi huitumia kuchanja mbwa bure. Mwaka ule wachanjaji walikuwa wamefika kijijini kwetu. Sisi tulikuwa tunavuna, hatukumpeleka.

Mchangiaji (Tanga)

Nimesoma simulizi la Mara mara mbili. Mungu ampe mzee afya njema.

Langu ni jepesi. Jirani zangu walikuwa wakinung'unika kwamba mbwa wangu hulia kwa kuvuta sauti kila adhana ya alfajiri inapoanza, na wapo waliosema anaona mashetani, wengine wakasema analeta mkosi, kwa kuwa wazee wetu husema mbwa akilia usiku kuna msiba unakuja. Nilifedheheka, kwa sababu sikutaka kuonekana ninafuga mnyama anayedhihaki ibada. Nikaanza kumfuatilia. Nikagundua analia vilevile king'ora cha gari la wagonjwa kinapopita, na honi ndefu ya meli bandarini, na siku moja mtoto alipokuwa anajifunza filimbi. Sauti zote hizo zina jambo moja linalofanana, nalo ni kuvutwa kwa muda mrefu bila kukatika, na mbwa, kama walivyo mbwa mwitu wa jamii ya kijivu ambao ndio asili yao, hulia kwa kuvuta sauti ili kuitikiana wakiwa mbali. Anaposikia sauti iliyovutwa hivyo, yeye huitikia.

Niliwaeleza majirani kwa adabu, na nikahamisha banda lake kutoka upande wa barabara kwenda nyuma ya nyumba, kwenye ukuta mnene. Hajaacha kabisa, lakini analia mara moja tu, kisha hulala.

Mchangiaji (Nakuru)

Hamjambo. Kwetu geti lina kibao cha «Mbwa Kali» tangu enzi za babu, na desturi ilikuwa mbwa hufungwa mnyororo mchana kutwa na kufunguliwa usiku, eti ndivyo anavyokuwa mkali. Mbwa niliyerithi na nyumba alikuwa akizunguka mti aliofungiwa hadi ardhi ikafanya mfereji, akiufukuza mkia wake mwenyewe na kuung'ata ukatoa damu. Nilidhani ni wendawazimu wa ukoo wake.

Kisha akamuuma mpwa wangu mkononi. Mtoto alimkaribia kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, «alikuwa anatikisa mkia». Ni kweli alikuwa anautikisa, mimi niliuona: ulikuwa umesimama wima, mgumu, ukitetemeka kwa ncha, huku mwili mzima umekakamaa, amefumba kinywa, na weupe wa macho unaonekana pembeni. Mkia wa furaha huyumba pamoja na kiuno, na mwili hulegea. Laiti ningelijua hilo mapema, nisingemwacha mtoto apige hata hatua moja. Ninawaomba wazazi wote wanaosoma hapa wawafundishe watoto kuutazama mwili mzima wa mbwa, wasiutazame mkia peke yake, na wajue pia kwamba mbwa anayepiga mwayo bila usingizi, anayejilamba midomo bila chakula, au anayegeuza kichwa pembeni anaomba apewe nafasi.

Baada ya tukio lile niliuondoa mnyororo. Nilifunga waya mrefu kati ya nguzo mbili ili kamba yake iteleze, nikawa ninamtembeza asubuhi kabla ya kazi, na badala ya kumwekea dagaa wote kwenye bakuli ninawatawanya kiganja kimoja kwenye nyasi awatafute kwa pua. Kazi hiyo ya kunusa humchosha kuliko kukimbia. Iliwachukua watu wa nyumbani miezi minne kuona mabadiliko, na kovu la mkia halijaota manyoya, lakini hazunguki tena. Na usiku bado analinda, tena anabweka kwa sababu.

Mchangiaji (Morogoro)

Nitaongeza la upande wa matunzo, kwa sababu kosa langu lilikaribia kuua. Tuna ng'ombe, na mtoto wa mbwa wa miezi miwili alikuwa amejaa kupe. Nilichukua dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki kwenye chupa, nikaichanganya kwa kukisia, nikampaka mwili mzima. Baada ya saa moja akaanza kuyumba, mate yakamtoka, akalala ubavu akitetemeka. Nilimwosha kwa sabuni ya kipande na maji mengi, nikamfunga kwenye kanga, nikamkimbiza kwa daktari na chupa yenyewe mkononi ili asome kilichomo. Alipona, namshukuru Mungu.

Daktari alinionyesha jambo ambalo sasa ninalifanya kila Jumamosi: kuinua mdomo wa juu wa mbwa na kutazama ufizi. Uwe wa waridi. Ukiubonyeza kwa kidole uwe mweupe, kisha rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Ukiwa umepauka wakati wote, mbwa hataki kula, ana homa, au mkojo wake umekuwa wa rangi ya kahawa, au damu inamtoka puani bila kuumia, usihangaike na dawa za kubuni, kwa maana kupe huambukiza magonjwa yanayoshambulia damu, na kila siku unayochelewa inamgharimu. Kupe wa kahawia anayependa mbwa hujificha na kutaga kwenye nyufa za banda, hivyo kumtibu mbwa na kuliacha banda ni kazi bure. Mimi nilitoa mbao za zamani nikaziba nyufa kwa saruji.

Wale mnaowamwagia kupe mafuta ya taa au kuwachoma kwa kiberiti, acheni. Mkamate kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumkamua tumbo. Tazama ndani ya masikio, kati ya vidole, na chini ya ukanda wa shingoni.

Swali langu kwenu: huyu wangu sasa anakula majani kila asubuhi. Je, ni minyoo?

Mwanzisha mada (Moshi)

Ndugu wa Morogoro, kula majani peke yake si ugonjwa. Mbwa wengi wazima hula, na wengi wao hawatapiki baada ya hapo. Nililiuliza hilo kwa daktari siku ileile ya maziwa. Alichonitaka nikichunguze ni kinyesi: ukiona vipande vidogo vyeupe kama punje za mchele, wakati mwingine vikijongea karibu na mkundu, hiyo ni minyoo ya tegu, na viroboto ndio wanaomletea, kwa hiyo watibiwe viroboto pia. Akianza kula majani kwa pupa huku anatapika au amekataa chakula, mpeleke. Hakikisha tu kwamba majani hayo hayajapuliziwa dawa ya shamba.

Ndugu wa Mara, nimempigia simu ofisa mifugo wa kata yetu baada ya kukusoma. Kadi ya chanjo ya jike wangu ilikuwa imepitwa na miezi mitano, nami sikujua. Anachanjwa Alhamisi.

Kuhusu bandani: soksi na gunzi nimeshaviondoa, kandambili moja pia. Iliyobaki anaishika chini ya kidevu akilala, lakini jana niliponyoosha mkono kumwekea maji hakunguruma.