Mliowahi kumtafuta babu Mjerumani, tupeane uzoefu

MjukuuWaLushoto: Wakubwa shikamooni. Mama yangu ni chotara. Baba yake alikuwa Mjerumani mwenye shamba la mkonge Tanga. Vita vilipoanza 1939 Waingereza wakamkamata, hakuonekana tena. Bibi akabaki na mimba na jina moja tu: Bwana Shumaka. Nimehangaika nalo miaka miwili, patupu. Kumbe ni Schumacher! Na kina Schumacher kule wamejaa kama kina Juma huku. Kitabu cha ubatizo cha misheni kikanipa neno moja zaidi, Westfalen. Huo ulikuwa mkoa mzima wa Ujerumani, si kijiji. Nimekwama. Wenzangu mlipitaje?

MkweWaTexas: Pole mkuu. Ukoo wa mke wangu ni Wajerumani waliohamia Marekani. Sensa za huku zimeandika "Prussia" basi, sawa na kusema mtu katoka Kanda ya Ziwa. Waliopandia meli Hamburg wana bahati, orodha za abiria za 1850 hadi 1934 zipo na zinataja mtu alikotoka. Wa kwetu walipitia Bremen, na orodha za zamani za Bremen ziliharibiwa. Kijiji tulikuja kukikuta makaburini, kimechongwa kwenye jiwe la bibi mkubwa. Siku zote tunapita pale na maua, hakuna aliyesoma!

BintiMachame: Mimi kilichonitesa ni mwandiko wao wa kale, Kurrent. Herufi e inafanana na n. Miezi minne natafuta ukoo wa "Mnyer", nikadhani Mnyamwezi kajichanganya humo. Kumbe Meyer.

Kitimoto77: Samahani mleta mada, huyo babu yeye aliwahi kuwatafuta nyie?

MjukuuWaLushoto: Sijui. Mama ana miaka 85. Hataki urithi wala pasi ya kusafiria. Anauliza kitu kimoja tu, kama kuna picha.

MzeeWaMafaili: Mwanangu, achana na mafaili ya enzi ya Mjerumani, huyo wako ni wa enzi ya Mwingereza. Mashamba yao yalipotaifishwa wakati wa vita yalikabidhiwa kwa Msimamizi wa Mali za Maadui. Nenda Nyaraka za Taifa pale Dar, ulizia kwa jina la shamba, si la mtu. Mimi wa kwangu nilimpata hivyo, na mahali alikozaliwa pameandikwa. Ukishajua mji, waandikie. Rejista za vizazi Ujerumani nzima zipo tangu 1876, na hufungwa miaka 110 tu. Alizaliwa lini?

MjukuuWaLushoto: Bibi alisema alikuwa na thelathini na kitu.

MzeeWaMafaili: Basi yake imeshafunguliwa.

MjukuuWaLushoto: Jina la shamba kila mzee wa pale analijua, mimi ndiye sikuwahi kuliuliza. Jumatatu nipo Dar.