CBCT (eksirei ya pande tatu, 3D) ya meno: kingo za mfupa zinaonekana maradufu

Swali (Kisumu): Wenzangu, tunapiga kwa 90 kV (nguvu ya miale), 8 mA (wingi wa miale), vokseli (chembe ndogo kabisa ya picha) 0.2 mm. Kingo za taya zinatoka maradufu, na kando ya krauni (kofia ya chuma ya jino) kuna mistari myeusi. Niongeze mA?

Jibu (Nakuru): Usiongeze. Kingo maradufu ni mgonjwa kusogea. Mzunguko huchukua sekunde 10 hadi 20, na kumeza mate tu kunatosha kuharibu. Ameze kabla, aume kishikizo, kidevu kikae imara, mkanda wa paji ukazwe. Pia afumbe macho. Wengi hufuata mkono wa mashine kwa macho, kichwa nacho kikafuata. Asiyetulia, tumia mzunguko wa nyuzi 180 badala ya 360: chengachenga (madoadoa ya picha) zitaongezeka, ila muda na mionzi vitapungua.

Jibu (Kakamega): Mistari myeusi husababishwa na chuma, kwani humeza miale dhaifu na kupitisha ile yenye nguvu tu. Vua hereni, miwani, meno bandia. Kwa krauni, weka pamba kati ya meno ya juu na ya chini, kisha punguza eneo linalopigwa picha hadi 5×5 cm. Chuma kilicho nje ya eneo lakini kwenye njia ya miale bado kitasumbua kiasi.

Swali: Na vokseli 0.1?

Jibu (Nakuru): Kwa mifereji ya mizizi, sawa. Kwa kupanga implanti (mzizi bandia wa jino), 0.2 yatosha.