Kuita prepare() huku vigeu vimebandikwa ndani ya kauli si usalama: tuache kudanganyana

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sitaificha. Wiki tatu zilizopita nilikabidhiwa mfumo wa kusajili wanachama ulioandikwa kwa PHP juu ya hifadhidata ya MySQL, pamoja na waraka wa makabidhiano uliosema kwamba kila ombi linalokwenda kwenye hifadhidata linatumia kauli zilizoandaliwa na kwa hiyo mfumo uko salama. Niliposoma maneno hayo nilishusha pumzi. Kisha nikafungua faili la kwanza, nikakuta hivi:

$stmt = $pdo->prepare("SELECT * FROM wanachama WHERE simu = '$simu'");
$stmt->execute();

Tafadhali itazameni mistari hiyo miwili kwa makini. Neno prepare lipo na neno execute lipo, lakini hakuna parameta hata moja iliyofungwa, yaani hakuna thamani iliyopelekwa kando ya kauli. Faida ya kauli iliyoandaliwa ni kwamba umbo la kauli hutangulia likiwa na nafasi tupu (huandikwa kwa alama ya kuuliza, au kwa jina lenye nukta mbili mbele yake), likachambuliwa na kueleweka, ndipo thamani zikaja baadaye zikiwa thamani tu, zisizoweza kugeuka amri hata mtumiaji awe ameandika nini. Hapa kigeu kimekwisha kumezwa na maandishi kabla prepare haijaitwa. Mtu akiandika ' OR '1'='1 katika kisanduku cha namba ya simu, hifadhidata italetewa kauli kamili, isiyo na kosa la kisarufi, inayoomba orodha ya wanachama wote, nayo itaiandaa na kuitekeleza bila kusita, kwa sababu haina njia ya kujua ni kipande kipi kiliandikwa na mwandishi wa programu na kipi kilitoka kwa mgeni.

Udhaifu huu, uitwao SQL injection, ulielezwa hadharani mwaka 1998. PDO, kiungo cha PHP cha kuzungumza na hifadhidata, imekuja pamoja na PHP tangu toleo la 5.1 la mwaka 2005, na fanksheni za zamani za mysql_query ziliondolewa kabisa katika toleo la 7.0 mwaka 2015. Nikiutazama msimbo huu naona wazi kilichotendeka: mtu alilazimika kuhama kutoka mysql_query, akachukua mistari yake ileile, akabadilisha jina la fanksheni, akaacha vigeu vyote palepale vilipokuwa. Baadaye mhakiki akaja, akatafuta neno prepare katika mafaili, akalikuta kila mahali, akatia saini. Huyo mhakiki ndiye anayeniudhi kuliko mwandishi, kwa maana yeye ndiye aliyepewa kazi ya kusoma.

Kosa la pili limeniuma zaidi kwa sababu liliharibu taarifa za watu. Katika sehemu moja ya mfumo parameta zilikuwa zimefungwa kweli, nami nikaipita nikiamini kwamba angalau hapo pako sawa. Kitanzi chenyewe kilikuwa hiki:

foreach ($taarifa as $jina => $thamani) {
    $stmt->bindParam(":$jina", $thamani);
}
$stmt->execute();

Kauli yenyewe ilikuwa ya kusahihisha jina, simu na barua pepe ya mwanachama, na id ndiyo iliyokuwa ya mwisho katika orodha. Sasa, bindParam haichukui thamani iliyomo ndani ya kigeu wakati ule inapoitwa. Inashika rejeleo la kigeu chenyewe, na thamani husomwa execute inapoitwa. Kitanzi kinapokwisha, $thamani imebaki na kitu kimoja tu, nacho ni id. Mwanachama mwenye id 418 alirekebisha barua pepe yake, na alipofungua tena ukurasa alikuta jina lake ni 418, simu yake ni 418, na barua pepe yake ni 418. Hakuna hitilafu iliyoripotiwa popote, kwa kuwa kwa upande wa hifadhidata kauli ilikuwa halali na mstari uliotakiwa ulipatikana. Fanksheni hiyohiyo ikipewa kigezo kimoja tu, kama ilivyokuwa katika ukurasa wa kutafuta, hufanya kazi barabara, na ndiyo maana kosa lilikaa muda wote huo bila kugunduliwa. Dawa yake ilikuwa neno moja: bindValue. Taarifa zilizopotea nimelazimika kuzirudisha kutoka nakala ya akiba, mwanachama mmoja baada ya mwingine.

Najua yupo atakayejibu kwamba kuna mahali ambapo alama ya kuuliza haifanyi kazi, na hapo hana budi kubandika kigeu. Hoja hiyo naikataa. Ni kweli kwamba jina la jedwali au la safu haliwezi kufungwa kama parameta. Ukiandika ORDER BY ? (sehemu ya kauli inayopanga matokeo) ukafunga jina la safu, MySQL italichukua kama maandishi ya kawaida na matokeo hayatapangwa ulivyotaka. Basi weka ndani ya msimbo orodha ya majina ya safu unayoyaruhusu, uchague humo, na lolote lisilokuwamo ulikatae. Kwa IN, inayolinganisha na orodha ya thamani, tengeneza alama za kuuliza zinazolingana na idadi ya thamani ulizonazo. Ama LIMIT, inayoweka kikomo cha idadi ya matokeo, ambayo ndiyo inayowakatisha wengi tamaa wakarudia kubandika, chanzo ni kwamba PDO kwa MySQL huigiza uandaaji isipozuiwa (yenyewe huingiza thamani ndani ya kauli kabla ya kuituma), na thamani zilizopitishwa kama orodha ndani ya mabano ya execute huchukuliwa kuwa maandishi, hivyo namba 10 hufika ikiwa ndani ya alama za nukuu na MySQL huikataa. Ifunge kwa bindValue pamoja na PDO::PARAM_INT, au uzime uigizaji huo kwa kuweka PDO::ATTR_EMULATE_PREPARES kuwa false.

Kwa hiyo nawaomba, tena kwa msisitizo, wote mliochapisha masomo yenye mstari kama ule wa kwanza: yarekebisheni, kwa sababu wanaojifunza wanayanakili kama yalivyo. Nanyi mnaohakiki kazi za wenzenu, msiishie kutafuta neno prepare. Fungueni mabano yake, mtazame kama ndani ya nukuu kuna alama ya dola. Katika mfumo huu nimezikuta alama hizo katika kauli 63, na hadi naandika hapa nimezibadilisha 41.