SAFARI YA SALMA 🇨🇳 (kamati)

*Jumatano usiku*

Anti Mwaju: Asalaam alaykum ukoo. Narudia kwa mara ya mwisho kabla sijaanza kutaja majina. Jumamosi tunamuaga Salma, saa kumi jioni, kwa Bi Mkubwa Tandika. Kila kichwa elfu thelathini. Mpaka sasa wametoa watu wanne na mmoja wao ni mimi mwenyewe

Anti Mwaju: Naona mnasoma. Tiki za buluu zote hizi

Hamisi: Mi nasoma tu anti, kusoma bure 😂

Anti Mwaju: We Hamisi utabeba viti, hela yako siitaki

Idi: Hongera Salma mdogo wangu. Nina neno moja tu, ukifika Nanjing simu yako isiwe na mambo ya 4 Juni, siku jeshi lilipopiga watu risasi Beijing 1989, na darasani usiulize. Huko mtandaoni hata ukiandika 64 tupu, yaani mwezi wa sita tarehe nne, inafutwa

Baba Tariq: Ushaanza Idi. Mtoto anaenda kusoma mambo ya maji na mabwawa we unamtia hofu. Mimi Guangzhou nakwenda narudi miaka yote, sijaona mtu anaandamana, naona barabara na treni. Deng Xiaoping, mkubwa wao baada ya Mao, alifungua Shenzhen 1980, mji mdogo tu pale mpakani na Hong Kong, leo nenda kaone. Benki ya Dunia wenyewe wanasema watu karibu milioni 800 wametoka kwenye umaskini wa kutupwa ndani ya miaka arobaini. Nyie mna demokrasia na maji yanatoka mara mbili kwa wiki

Hamisi: Hapo kwenye maji umenigusa ba mdogo

Anti Mwaju: ELFU THELATHINI

Idi: Sibishi umaskini umepungua. Ila nani aliwatia shimoni kwanza? 1958 Mao kaja na Mruko Mkubwa, wakulima wote kwenye makomyuni, yaani mashamba ya pamoja, chakula jikoni kwa pamoja, kila kijiji kiwe na tanuru la chuma, watu wakatoa majembe na masufuria yakayeyushwe, chuma kilichotoka hakifai hata kwa msumari. Afu viongozi wa chini wanadanganya mavuno ili wasifiwe, serikali inakusanya nafaka kwa hesabu hizohizo za uongo, mkulima anabaki na nini? Wanaosema wachache wanasema walikufa milioni 15, wengine wanapita 40. Peng Dehuai, waziri wa ulinzi kabisa, mtu aliyepigana vita pamoja na Mao, akamwandikia barua 1959 kwamba mambo yameharibika, akafukuzwa kazi

Da Zuhura: Masufuria?? Waliyeyusha masufuria ya watu??

Hamisi: Bi Mkubwa angeandamana peke yake 😂😂😂

Da Zuhura: Na mwiko mkononi 😂

Anti Mwaju: Mmenikumbusha. Lile sufuria kubwa la pilau liko kwa nani? Tangu Korogwe sijaliona

Mama Tariq: Wifi hayo ya Korogwe tusiyalete humu

Anti Mwaju: Nimeuliza sufuria tu wifi

Mama Tariq: Najua ulichouliza

Hamisi: 🍿

Baba Tariq: Turudi kwenye mada. Mao alikosea na wenyewe wamekubali, 1981 chama kilikaa kikaandika kwamba Mapinduzi ya Utamaduni, ile miaka kumi ya Mao ya kusaka wapinzani, yalikuwa kosa kubwa, ila sifa zake zinatangulia makosa. Nitajie chama kimoja Afrika kilichoandika hivyo kuhusu mwanzilishi wake. Na usisahau reli. Wazungu walisema hailipi, Wachina wakaja wakajenga 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 Dar mpaka Kapiri Mposhi, mkopo hauna riba, na wao wenyewe walikuwa maskini wakati ule. Wengine wamezikwa hapo Gongo la Mboto. Hayo huyasemi

Idi: Nayasema. Ila mkopeshaji wako akimpiga mwanawe ndo usimuulize? Hiyo 1981 wameandika, haya ya 1989 nani karuhusiwa kuandika? Na aliyeamuru jeshi liingie ni Deng huyohuyo wa Shenzhen. Hu Yaobang kafa 15 Aprili, kiongozi waliyempenda kwa mageuzi yake na chama kilikuwa kimeshamwondoa, wanafunzi wakaenda uwanja wa Tiananmen kumwomboleza, wakabaki hapohapo. Walitaka wakubwa wakae nao wazungumze, magazeti yawe huru, watoto wa vigogo waache kufanya nchi duka lao. Zhao Ziyang, katibu mkuu wa chama, si mpinzani, alikwenda uwanjani 19 Mei na kipaza sauti akawaambia tumechelewa kuja. Kesho yake hali ya hatari, na yeye akafungiwa nyumbani kwake mpaka anakufa 2005. Jenerali Xu Qinxian alikataa kuongoza kikosi chake kuingia mjini, akafungwa. Usiku wa 3 kuamkia 4 Juni risasi. Wengi hawakufia hata uwanjani, walifia mitaani kama Muxidi, wafanyakazi na watu wa mtaa waliosimama kuzuia magari ya jeshi. Serikali ilitaja 200 mpaka 300 pamoja na askari, wengine wanasema maelfu, na hakuna anayeruhusiwa kwenda kuhesabu. Kuna mama anaitwa Ding Zilin, mwalimu wa chuo, mwanawe wa miaka 17 aliuawa usiku ule. Yeye na kina mama wenzake miaka yote wanadai waambiwe ukweli tu

Anti Mwaju: Idi umeandika gazeti zima hela hujatuma

Baba Tariq: Na Urusi wao walifungua vyote kwa mpigo, nchi ikavunjika 1991. Deng aliliona hilo linakuja

Idi: Kwa hiyo yule wa miaka 17 ndo angeivunja China?

Anti Mwaju: Naenda kulala. Nikiamka nikute miamala

*Alhamisi*

Mama Salma: Subhanallah nimeamka simu imejaa, nikajua kuna msiba. Ahsanteni wote. Mchele upo, tunatafuta mbuzi

Salma: Shikamooni wote. Nashukuru sana. Kama kuna mwenye koti zito naomba, nasikia Januari Nanjing baridi inafika chini ya sifuri

Hamisi: Chukua la Idi, ana joto la kisiasa 😂

Da Zuhura: Mi naomba kuelimishwa. Hong Kong si ndo wale wa miavuli?

Idi: Miavuli 2014, wakijikinga na pilipili ya polisi. 2019 wakarudi kwa wingi zaidi kwa sababu ya sheria ya kupeleka watuhumiwa China bara. 2020 ikaja sheria ya usalama wa taifa, ikaisha. Hata mishumaa ya 4 Juni pale Victoria Park waliyowasha miaka thelathini imezimwa

Da Zuhura: Na wale wa karatasi nyeupe haziandikwi kitu?

Idi: Novemba 2022. Jengo liliungua Urumqi wakafa watu kumi, wenzao wakasema kufungiwa kwa korona ndo kulichelewesha uokoaji. Vijana wakasimama na karatasi tupu, maana ukiandika neno unashikwa na hilo neno. Desemba masharti yakalegezwa

Baba Tariq: Si unaona? Serikali ilisikia

Idi: Ilisikia, ikawakamata baadhi yao hukuhuku inalegeza

Da Zuhura: Baba Tariq shem samahani, Aprili 2020 Waafrika wanatolewa kwenye nyumba na hoteli Guangzhou, we si ulikuwa huko? Ulilala wapi?

Da Zuhura: Shem?

Anti Mwaju: Zuhura acha hayo. TURUBAI NIMESHALIPIA. Imebaki mbuzi, keki na soda. Watu sita sasa wametoa, wengine mnasubiri nini, azimio la chama?

Hamisi: 😂😂 anti kaingia kwenye mada

Baba Tariq: Nililala kwa rafiki Mchina. Siku tatu alinificha kwake. Hayo yamepita

*Alhamisi, baada ya isha*

Babu Mdogo: Asalaam alaykum. Nimesoma yote tangu jana sikutaka kuingia. Mimi nilikuwa Nanjing 1988, Salma anajua, nyie wengine mlikuwa hamjazaliwa au hamkuuliza. Mkesha wa Krismasi kukatokea ugomvi kwenye geti la chuo kimoja, wanafunzi wa Kiafrika wanakwenda dansini na wasichana wa Kichina, wakaambiwa wale wasichana waandikishwe, ikawa ngumi. Kesho yake uvumi ukaenea kuwa Mchina kauawa na hakuna aliyeuawa. Wakatoka maelfu barabarani wanatutaka sisi, wakisema maneno ambayo siyaandiki humu, na katika maandamano hayohayo wakidai haki za binadamu na mageuzi. Tukakimbilia stesheni tupate treni ya Beijing twende kwenye balozi, tukazuiwa, tukapakiwa mabasi mpaka Yizheng kwenye nyumba ya wageni ya jeshi. Hata miezi sita haijatimia vijana wa rika lilelile wakapigwa risasi Beijing. Wako wenzetu walisema wamelipwa walichotutendea. Nililikataa neno hilo siku ile. Idi, wale hawakuwa malaika na usimfundishe Salma kuwa walikuwa malaika. Baba Tariq, reli nimeipanda mpaka Mbeya na nashukuru, lakini mwana wa yule mama hakuuawa kwa ajili ya reli, usiiweke mbele ya maiti yake. Salma nenda kasome. Ukitaka kujua jambo muulize mtu mzima mmoja akiwa nyumbani kwake, akinyamaza nyamaza naye. Mwajuma, Jumamosi mimi nina kliniki Muhimbili sitaweza, fanyeni Jumapili. Na lile sufuria lirudi.

Anti Mwaju: Shikamoo babu. Tumekusikia

Salma: Shikamoo babu. Nitakuja kwako kesho inshallah, nina maswali

Idi: Shikamoo babu 🙏🏾

*Ijumaa*

Baba Tariq: Nimetuma. Hamsini

Mama Tariq: Babu nitakupigia kuhusu hilo sufuria maana upande wangu haujasikilizwa

Anti Mwaju: Jamani mwenye turubai anasema Jumapili kuna harusi Temeke keshalikodisha, na hela harudishi. Na Bi Mkubwa Jumapili ana wageni wa dua. Mnasemaje?

Da Zuhura: Jumapili mi niko zamu

Mama Salma: Mbuzi nimeshamlipia wa Jumamosi

Idi: Nimetuma kumi na tano, nyingine mwisho wa mwezi

Anti Mwaju: Idi, Salma anaondoka Jumatatu

Hamisi: Kwa hiyo viti nabeba lini?

Anti Mwaju: Subiri nimpigie babu