Singeli ya dogo wa miaka 16: wasikilizaji ni wanafunzi, hela itatoka wapi?

ProdyuzaWaBondeni (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za leo. Kuna MC wa singeli (muziki wa kasi wa uswahilini Dar), miaka 16, kidato cha tatu. Wimbo uko tayari: dakika 2 na sekunde 50, kasi 240 BPM (mapigo kwa dakika), umetengenezwa kwa FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Wanaoupenda ni rika lake, kuanzia 13 hadi 19. Naomba msaada kwenye haya:

1. Wasikilizaji wa umri huo hawana kipato. Wana nguvu gani kweli kwenye soko la muziki, au ni kelele tu?
2. Kipande cha kuchezewa TikTok kikae vipi, na miksi iweje?
3. Makubaliano na dogo yaandikweje ili kesho asije mtu kudai kaibiwa?

Majibu ya kiufundi tafadhali. "Pambana tu mkuu utatoboa" nimeshazisoma za kutosha.

---

MzeeWaKanda

Nianze na namba moja, maana hoja ya "watoto hawana hela" imeshawaponza wengi kwenye biashara hii.

Marekani mwaka 1948 kampuni ya Columbia walitoa santuri kubwa ya nyimbo nyingi, ya kuwekwa kwenye gramafoni ya sebuleni, yaani chombo cha baba. Mwaka 1949 RCA Victor wakaja na sahani ndogo ya inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika, kila upande wimbo mmoja wa dakika tatu hivi. Hiyo bei yake kijana wa shule aliimudu kwa pesa ya matumizi. Mwaka 1954 ikatoka redio ya mfukoni ya transista, Regency TR-1, kwa dola 49.95. Ilikuwa ghali, ila miaka michache baadaye redio za Kijapani zikashusha bei. Hapo ndipo muziki ulipohama sebuleni ukaingia chumbani kwa mtoto, na mzee akakosa kauli juu ya kinachosikilizwa. Kampuni zikafuata wateja: mwaka 1956 mwimbaji Frankie Lymon alivuma akiwa na miaka 13, na kuanzia Agosti 1957 kipindi cha American Bandstand kikawa kinaonyesha nchi nzima vijana wa Philadelphia wakicheza alasiri, baada ya muda wa masomo. Aliyekuwa nyumbani anatazama alinakili staili, nguo, na jina la wimbo.

Kwetu vilevile. Rap ya Kiswahili ilishikwa na vijana wa shule wa Dar mwanzoni mwa miaka ya 1990, na sheria iliyofungua mlango kwa redio binafsi ilikuja 1993. Walianza wao, redio ikawakuta njiani.

Tofauti ya leo ni kwamba kijana hanunui wimbo, ananunua bando. Hela yake inaishia kwa mtandao wa simu. Wewe anakulipa kwa kurudia wimbo mara arobaini kwa wiki na kuucheza mbele ya kamera bure. Mwenye hela halisi ni anayefuata harufu ya umati huo: mwandaaji wa tamasha, mwenye tangazo, redio. Kwa hiyo usikae unapiga hesabu ya mauzo. Hesabu wanaorudia.

---

FundiMitambo_Tz

Naingia namba mbili, upande wa sauti.

Kwanza kasi. Kwenye 240 BPM hakuna anayecheza kila pigo. Mwili unahesabu nusu, yaani 120. Mchezaji hupanga staili kwa hesabu za nane, na mzunguko unaokaa vizuri ni nane mara nne, mapigo 32. Kwa 120 hayo ni sekunde 16. Ukipandisha wimbo hadi 256 BPM, mwili utahesabu 128 na mapigo 32 yataisha kwenye sekunde 15 kamili. Video inajizungusha bila mkato kusikika, na ile inayojizungusha bila kukatika watu huitazama mara mbili bila kujua. Wimbo wako utashuka kutoka 2:50 hadi kama 2:39. Ukipandisha kasi kwa njia ya kawaida, bila kufunga kimo cha sauti, kila kitu kitapanda kwa zaidi kidogo ya nusu toni. Kwenye singeli hakuna atakayelalamika, masikio yameshazoea vilivyokimbizwa. Ila dogo arudie mashairi juu ya biti mpya. Irabu zikibanwa na mashine, maneno hayasikiki.

Pili spika. Hadhira yako inasikiliza kwa spika ya simu, mara nyingi moja tu, na chini ya takriban 200 Hz haitoi kitu cha maana. Kiki yako (pigo zito la ngoma) ya 55 Hz inatikisa studio halafu kwenye simu ya mwanafunzi haipo. Fanya hivi: nakili treki ya besi, nakala hiyo ichafue kwa disto kidogo, kata kila kilicho chini ya 200 Hz, kisha ichanganye chini kwa chini mpaka besi ianze kusikika kwenye simu. Ile ya asili iache kwa ajili ya spika za mtaani. Halafu geuza miksi yote kuwa mono (njia moja ya sauti) usikilize. Makofi uliyoyatanua kushoto na kulia kwa ujanja wa kugeuza fezi (kupindua wimbi la sauti la upande mmoja) yatapotea kabisa, na hapo ndipo wengi hushangaa mbona wimbo "umekufa" kwenye simu. Wala si mbinu ya jana: lebo ya Motown kule Detroit walipitisha nyimbo zao kwanza kwenye kispika kidogo mfano wa cha redio ya gari, kwa sababu ndiko vijana walikosikilizia.

Usikandamize mpaka -6 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti). Spotify inarekebisha kuelekea -14, kwa hiyo utashushwa tu, na kiki zitakuwa zimeshapondeka. Acha kilele kwenye -1 dB.

Faili: msambazaji wa mtandaoni (kampuni inayopeleka wimbo Spotify, TikTok na kwingine) mpe WAV, hiyo 2:39 itakuwa kama MB 28. Ya kurushiana tengeneza MP3 ya 128 kbps, MB 2.5 hivi. Usitoe ya 320 kwa watoto wa bando la siku, MB 6.4 wataiacha.

---

Dada_Chalenji

FundiMitambo kamaliza upande wake, nami niweke upande wa wachezaji.

Weka sauti rasmi kwenye TikTok kabla ya video yoyote. Kosa la kila siku: prodyuza anamrushia mchezaji wimbo WhatsApp, mchezaji anaurekodi ndani ya video, inasajiliwa kama sauti yake mwenyewe. Mwingine anafanya hivyohivyo. Mwisho wimbo una sauti sita tofauti, kila moja na video zake chache, hakuna inayoonekana kubwa, na wewe hulipwi hata moja. Peleka kwa msambazaji wiki tatu au nne mapema. Wasambazaji wengi wana sehemu ya kujaza sekunde ambayo kipande kitaanzia. Usipojaza, mfumo unachagua wenyewe, na mara nyingi unakuangushia utangulizi wa "prodyuza fulani kwenye biti". Kisha wachezaji wape kiungo cha sauti, siyo faili.

Umri wa wachezaji nao uangalie. TikTok inaruhusu kuanzia 13, lakini akaunti za miaka 13 hadi 15 huanza zikiwa za faragha, na video zao hazipelekwi kwenye ukurasa wa mapendekezo. Wanaweza kuwa mashabiki wakubwa kuliko wote, ila hawawezi kukusambazia. Wa kuanza nao ni wa 16 hadi 19, wanane au kumi wa mitaa tofauti, siyo kundi moja la marafiki ambao wafuasi wao ni walewale. Dogo wako kwa miaka 16 anaruhusiwa kuweka video, ila kurusha mubashara ni mpaka 18.

Staili yenyewe: miondoko mitatu, isizidi. Ionekane kuanzia kiunoni kwenda juu, maana simu imesimamishwa wima kwenye ndoo au dirisha. Mwondoko wa kwanza uje ndani ya sekunde mbili. Kama mchezo unahitaji uwanja mzima, wa chumba kimoja hawezi kuuiga.

Na aliyebuni staili atajwe kwa jina la akaunti yake kwenye kila video yenu. Mwaka 2019 Jalaiah Harmon, binti wa miaka 14 wa eneo la Atlanta, alitunga mchezo wa Renegade. Ukasambaa dunia nzima kupitia watu wenye wafuasi wengi zaidi, jina lake halipo. Alikuja kutambuliwa Februari 2020, tena baada ya gazeti kumfuatilia.

---

MtotoWaMburahati

Samahanini, mnaongea kama singeli imezaliwa kwenye simu. Ilizaliwa kwenye vigodoro, sherehe za usiku za mtaani, na bado MC anapimwa pale. Umati wa mtaani hauna adabu ya kusubiri: ukikosea mstari wa pili wanamwita mwingine. Biti zilikuwa vipande vya taarab na mchiriku vilivyokimbizwa, nyimbo zikatembea kwa flashi, kadi za memori na vibanda vya kurushia nyimbo. Redio ya EFM waliposhika muziki huu, mtaa ulikuwa umeshaamua nani mkali. Hata lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilipotoa mkusanyiko wa Sisso Studios, studio ya singeli ya Dar, mwaka 2017, ilichukua kazi ambayo watoto wa huku walikuwa wameshaichoka. DJ Travella, prodyuza wa singeli, albamu yake ilitoka 2022 akiwa na miaka 19.

Ushauri wangu: wiki mbili kabla ya TikTok, wape flashi madereva wa bajaji wenye mziki mkubwa na vibanda vya kurushia nyimbo. Angalia wanafunzi wanaopita wanashika mstari gani. Huo ndio uwe kipande chako cha sekunde 15. Prodyuza akichagua mwenyewe huchagua sehemu aliyoisumbukia, siyo inayoimbika.

---

ProdyuzaWaBondeni

Nashukuru sana. Hapo kwenye vipande vya taarab mmenikumbusha: biti ina sekunde kama nne za kinanda cha wimbo wa zamani, nimeziongeza kasi karibu mara mbili. Itagundulika?

---

Karani_wa_Haki

Chukulia kwamba itagundulika. Mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo unaweza kunasa hata kilichokimbizwa, na mapato yanaweza kwenda kwa mwenye rekodi hata kama video inabaki. Tena kuna haki mbili pale, ya rekodi na ya utunzi, huenda zina wenyewe wawili. Rapa wa Marekani Lil Nas X alikuwa na miaka 19 alipovuma 2019 kwa biti ya dola 30 aliyonunua mtandaoni kutoka kwa kijana wa Uholanzi wa rika lake. Ndani ya biti kulikuwa na kipande cha bendi ya Nine Inch Nails, na ilibidi wenye kazi wakubali na waandikwe kama watunzi. Kwako njia nafuu ni kumtafuta mpiga kinanda atunge sekunde nne mpya zenye ladha ileile. Akipiga noti zilezile, haki ya rekodi umeikwepa lakini ya utunzi bado inakusubiri.

Sasa namba tatu. Chini ya miaka 18 hana uwezo wa kufunga mkataba kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania. Sahihi ya dogo peke yake haikulindi wewe, wala yeye. Mzazi au mlezi asaini, dogo naye awepo na asomewe. Weka haya:

– Muda miezi 12, na kifungu cha kukaa upya akifikisha 18. Mkataba wa miaka mitano na mtoto wa kidato cha tatu unaonekana wa kinyonyaji hata kabla hujafunguliwa.
– Karatasi ya mgao, mbili tofauti: utunzi (mashairi na muziki) jumla asilimia 100, na rekodi jumla asilimia 100. Watu wakichanganya hizi mbili ndipo ugomvi unapoanza.
– Akaunti ya msambazaji na laini ya kupokelea pesa ziwe kwa jina la mzazi au lako, na imeandikwa ni ya nani, nani ana nywila, na fungu la dogo linatoka tarehe ngapi.
– Gharama za studio na video ziorodheshwe kwa kiasi kabla ya kuanza kukatwa.

Sajili msanii BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na kazi COSOTA (ofisi ya hakimiliki).

Kuhusu vigodoro: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na kigodoro ndiyo saa zake hizo. Kwa hiyo shoo za kulipwa ziwe za mchana: mabonanza, matamasha ya shule, sherehe zinazoisha jioni. Ndugu yangu wa Mburahati anisamehe.

---

MtotoWaMburahati

Sijakasirika. Bonanza la mchana lina watoto wengi kuliko kigodoro, ni kweli.

---

Mwalimu_wa_Zamu

Hakuna aliyegusa kalenda. Simu shuleni haziruhusiwi, na wa bweni hawazioni kabisa mpaka likizo. Mtihani wa kidato cha nne huwa Novemba, na kidato cha pili nao wana wa kwao karibu na kipindi hicho. Ukitoa wimbo Oktoba umewakosa wote hao. Lenga wiki ya kwanza ya likizo, Juni au Desemba, na hesabu wiki nne za msambazaji kurudi nyuma. Kwenye Spotify, ombi la kuingizwa kwenye orodha zao litumwe angalau siku 7 kabla ya wimbo kutoka. Wa bweni wakirudi shule Januari wanaurudisha wimbo mabwenini kwa midomo, bila simu, na shule moja ina watoto wa mikoa kumi.

---

ProdyuzaWaBondeni

Basi Desemba. Kinanda narekodi upya wiki hii kwenye 256, na mama yake dogo anakuja Jumamosi na kitambulisho. Karani, hiyo karatasi ya mgao ya rekodi, mpiga kinanda anaingia au namlipa mara moja yakaisha?

---

Karani_wa_Haki

Kwenye rekodi unaweza kumlipa mara moja, mradi asaini risiti inayosema hivyo. Kwenye utunzi, kama noti za hizo sekunde nne kazitunga yeye, muandikie asilimia.