Bastola ya pili: nibaki na .40, nihamie 9mm au nipande hadi .45?

Mndengereko_Dallas
Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela. Nipo Texas mwaka wa kumi na moja, kadi ya kijani ninayo, na ndani nina Glock 23 ya .40 niliyoinunua dukani mwaka 2016. Inalala kwenye kasha la kufuli, watoto hawalifikii.

Shida ni kwamba nikienda uwanja wa shabaha, risasi kumi za mwanzo zinakaa vizuri, halafu zinaanza kuangukia chini kushoto. Mke wangu alifyatua mbili tu, akaiweka mezani, akasema hii sishiki tena. Sasa nataka ya pili ambayo sote wawili tutaiweza. Muuzaji dukani ananivuta kwenye .45, ananiambia risasi moja inamaliza kazi. Kati ya kaliba (yaani upana wa risasi) za .380, 9mm, .40 na .45, nyie mnaonaje?

Fundi_Shabaha
Mkuu, nimefundisha watu kulenga kwa miaka tisa, na hiyo kauli ya "risasi moja" naisikia kila wiki. Risasi ya 9mm na ya .45 zimepishana upana kwa milimita mbili na ushee tu. Kinachoamua ni imeingia wapi na imefika kina gani.

Hiyo .40 yako ina historia. Mwaka 1986 maofisa wa FBI walipigana risasi na majambazi wawili huko Miami, maofisa wawili wakauawa. Risasi moja ya 9mm ilimpata jambazi mapema lakini ikaishia njiani kabla ya kufika moyoni. FBI wakaanza kutafuta kitu kizito zaidi: wakapita kwenye 10mm, ikawa kali mno kwa wengi, ikapunguzwa nguvu, na mwaka 1990 ikazaliwa .40. Polisi wengi wa Marekani wakaifuata. Ilipofika 2014 na 2015 FBI hao hao wakarudi 9mm. Miaka ile yote viwanda vilikuwa vimeboresha vichwa vya risasi, vile vyenye tundu mbele vinavyochanua vikiingia. Kipimo chao ni jeli maalumu: risasi iingie sentimita 30 hadi 45. 9mm nzuri ya leo inafika humo, kama .40, kama .45. Tofauti wanaiona zaidi kwa anayefyatua kuliko kwenye jeli.

Kwa hiyo .40 inakuongezea mruko mkononi, inakupunguzia risasi mbili kwenye magazini, kile kibebea risasi kinachoingia kwenye mpini (yako inabeba 13, Glock 19 yenye umbo lile lile inabeba 15), na boksi lake ni ghali zaidi. Faida unayoipata ni ndogo.

Ila hizo za chini kushoto usiisingizie kaliba peke yake. Kwa mtu wa mkono wa kulia, hiyo ni dalili ya kushtuka kabla ya mlio. Mwambie mtu akujazie magazini, achanganye risasi bandia mbili tatu bila wewe kujua ziko wapi. Ukifika kwenye bandia, tazama mdomo wa mtutu.

MamaKisauni_Houston
Kaka, mimi nakuongelea huyo mkeo. Mikono yangu ina baridi yabisi, na kila duka nililoingia walinipa vibastola vidogo vya .380, eti vya akina mama. Nilinunua kimoja na nikajuta. Risasi ni ndogo kweli, ila bastola yenyewe nyepesi kama simu, basi nguvu yote inaishia kiganjani. Na kukikoki, yaani kuvuta sehemu ya juu nyuma ili risasi iingie, ilikuwa vita, nilikuwa nakibana kifuani ndipo kikubali.

Nilikuja kupata Smith & Wesson Shield EZ ya .380. Hiyo imetengenezwa makusudi iwe laini kukoki, na ina uzito wa kutosha kutulia mkononi. Ipo pia ya 9mm. Kaliba na ukubwa wa bastola vinakwenda pamoja: 9mm kwenye bastola ya saizi ya kati inaweza kuwa tulivu kuliko .380 ya mfukoni. Usimnunulie zawadi. Mpeleke akodi mwenyewe, akoki mwenyewe, akishindwa kuikoki mara kumi mfululizo, irudishe rafuni.

Mzee_wa_1911
Shikamooni wakubwa wenzangu, vijana hamjambo. Mimi ni mtu wa .45 na sijabadilika. Ile risasi ni nzito, gramu 15 karibu, inakwenda taratibu, na presha yake ndani ya chemba, pale risasi inapolipukia, ni ndogo kuliko ya 9mm na .40. Ndiyo maana inakusukuma, haikuchapi. Kwenye bastola ya chuma ni tamu, na wanaosema haipigiki hawajashika 1911, ile bastola ya kale ya .45, iliyotunzwa.

Lakini mwanangu, magazini yangu inabeba saba, na bei ya boksi imenifanya niende uwanjani mara moja kwa mwezi. Zamani nilikuwa naenda kila Jumamosi. Hilo ulipime.

Nganya_Embakasi
Huku Kenya hatuna anasa ya kuchagua hivyo. Cheti chako chini ya Sheria ya Silaha kinaandika silaha gani na risasi ngapi unaruhusiwa kuwa nazo, basi unachukua kaliba unayojua utaipata dukani mwaka ujao pia, na hiyo ni 9mm.

Fundi_Shabaha
Kwenu mnaosoma bila kuchangia: kama uko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, sheria ya serikali kuu kwa kawaida inakukataza kumiliki silaha. Kuna upenyo kwa wenye leseni ya uwindaji, lakini kaa na mwanasheria kwanza. Kosa hilo linakupeleka jela na kukufukuzisha nchini.

Na kitu kimoja kuhusu nyumba. Wengi tumekulia kwenye kuta za tofali. Huku kuta za ndani ni mbao na karatasi za jasi, na kaliba zote nne hapo juu zinapita ukuta zaidi ya mmoja. Jueni watoto wanalala upande gani.

Mndengereko_Dallas
Nimerudi na majibu. Jumamosi nilifanya lile zoezi. Kwenye risasi bandia ya kwanza mdomo wa mtutu ulizama kama mtu aliyesukumwa kisogoni. Niliona aibu, na nilishukuru kuiona kwa macho yangu.

Tukakodi Glock 19 na Shield EZ ya 9mm. Mke wangu alichagua EZ. Alifyatua risasi 40 kwa mita saba, 31 zikabaki ndani ya sahani ya karatasi, na hakulalamika mkono. Tumeiagiza hiyo. Glock 23 naibakisha, nimeiona mitutu ya kubadilishia inayoifanya ipige 9mm kwa mazoezi, pamoja na magazini zake. Swali lililobaki: kichwa cha grein (kipimo cha uzito wa risasi) 124 au 147?

Fundi_Shabaha
Nunua boksi moja la kila aina. Ile ambayo hiyo EZ itaimeza risasi 100 bila kukwama, mikononi mwake, siyo mwako, ndiyo hiyo.