Mdogo wangu kapandikizwa konea, anataka kurudi kupulizia mikorosho. Naombeni ushauri

BintiNewala: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu alipandikizwa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, India mwezi wa kwanza, jicho la kulia. Sasa jicho si jekundu tena, halimuumi, ila anaona ukunguukungu na nyuzi za mshono bado zimo. Huku mikorosho inaanza kutoa maua, kila mtu ana mashine ya salfa, dawa ya mikorosho, mgongoni, na yeye kashapeleka yake kwa fundi. Mama anasema jicho lisilouma limepona. Ni kweli?

KakaMasasi: Pole dada. Hapana, bado kabisa. Mimi nimepitia hayo na nyuzi zangu zilikaa zaidi ya mwaka. Konea haina mishipa ya damu. Ndiyo maana inapitisha mwanga, na ndiyo maana kidonda chake kinaunga polepole mno. Utando wa juu hujifunga mapema, mtu akadhani mambo yamekwisha, kumbe pale konea mpya ilipokutana na ya zamani bado panashikiliwa na nyuzi. Jicho likipigwa, hata kwa tawi tu, mshono unaweza kuachia. Huo ukungu usiwatishe sana, mara nyingi nyuzi zinavuta konea bila usawa. Miwani ya uhakika hupimwa zikishatolewa.

NesiLindi: Salfa ni unga, dada yangu. Ukiingia atalipekecha jicho tu, hata awe mvumilivu vipi. Msimu huu apulizie mtu mwingine. Na je, matone ya steroidi, yale ya kuzuia mwili usiikatae konea, bado anaweka? Wengi huacha wakiona jicho limetulia, na hapo ndipo mwili unapopata nafasi ya kuikataa konea ya watu. Hilo laweza kutokea hata baada ya miaka. Jicho likiwa jekundu, mwanga ukimchoma, likiuma au kuona kukififia, aende hospitali siku hiyohiyo.

MzeeTandahimba: Mpeni kibarua hiyo mashine, yeye asimamie mifuko akiwa mbali na vumbi.

BintiNewala: Asanteni sana. Matone aliacha yalipoisha. Na tangu juzi anasema kuna kitu kinamkwaruza jichoni.

NesiLindi: Huenda ni uzi umelegea, na uzi uliolegea huingiza vijidudu. Asiuguse wala kuuvuta, na msimwekee dawa ya dukani. Mpeleke leo kwa daktari wa macho, mwende na karatasi zote za India, na mwambieni wazi kwamba matone yalikatika.

BintiNewala: Tunatafuta gari la Mtwara sasa hivi.